Masomo ya Hisabati kwa Mtaalamu wa Fedha

Mwaka 1900, mjini Paris, mwanafunzi aitwaye Louis Bachelier alitetea tasnifu iliyohusu mwenendo wa bei katika soko la hisa. Miongoni mwa watahini wake alikuwamo Henri Poincaré, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa. Mwaka 1905 Albert Einstein alitumia hisabati inayofanana na hiyo kueleza msukosuko wa chembe ndogo zinazoelea majini. Katika mambo yote mawili kila hatua ni ya bahati, lakini hatua nyingi zikijumlishwa huwa na utaratibu unaopimika.

Hicho ndicho chimbuko la hisabati ya fedha, ambayo leo hufundishwa katika vyuo vikuu vingi kwa shahada ya uzamili. Mwanafunzi anayeitazamia shahada hiyo huvutwa kwa urahisi na masomo yenye neno "fedha" katika majina yao. Kabla ya kuchagua, yafaa aitazame kazi yenyewe.

Tuchukue hisa ambayo leo bei yake ni shilingi 1,000, na kesho itakuwa ama shilingi 1,200 ama shilingi 900. Mfanyabiashara anawauzia wateja watatu haki ya kununua kila mmoja hisa moja kesho kwa shilingi 1,000. Bei ikipanda, kila haki itakuwa na thamani ya shilingi 200. Ikishuka, haitakuwa na thamani yoyote. Je, haki hizo ziuzwe kwa kiasi gani leo?

Tuseme mfanyabiashara atanunua hisa x na kukopa shilingi y bila riba. Ili amali yake ya kesho ilingane na deni lake kwa wateja, lazima:

1,200x − y = 600
900x − y = 0

Jibu ni x = 2 na y = 1,800. Hisa mbili zagharimu shilingi 2,000. Akiisha kukopa 1,800, anahitaji shilingi 200 tu. Basi haki zote tatu zauzwa kwa shilingi 200. Ni jambo la kustaajabisha kwamba hakuna aliyeuliza kama bei inaelekea zaidi kupanda au kushuka.

Mwaka 1973 Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton waliupanua mawazo wa namna hii hadi kwa bei inayobadilika kila nukta. Merton alitumia kalkulasi ya mienendo ya bahati, iliyoasisiwa na Kiyosi Itô wa Japani mwaka 1944. Scholes na Merton walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Black alikuwa amefariki mwaka 1995.

Lakini bei ya kesho ikiwa shilingi 700, je? Hisa mbili zitaleta shilingi 1,400, na deni ni 1,800: mfanyabiashara amepoteza shilingi 400. Hesabu haikukosewa, sharti lake ndilo lililovunjika. Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones, huko New York, kilishuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, jambo ambalo hesabu za kawaida zililiona kama lisilowezekana. Mwaka 1998 mfuko wa Long-Term Capital Management, ambao Scholes na Merton walikuwa wabia wake, ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4 kwa miezi michache.

Kwa hiyo msingi uwe kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano na takwimu. Zifuatie milinganyo ya kalkulasi, pamoja na uandishi wa programu za kompyuta, kwani milinganyo mingi ya masoko hutatuliwa kwa kukadiria tu. Hali kadhalika, lisiachwe somo la uthibitisho wa misingi ya kalkulasi, ingawa wengi hulikwepa kwa ugumu wake. Humo mwanafunzi huzoea kuuliza kila kanuni ni kweli kwa masharti gani. Tena ndilo mlango wa kuielewa nadharia ya uwezekano kama A. N. Kolmogorov alivyoiweka juu ya misingi imara mwaka 1933.

Istilahi za masoko zaweza kujifunzwa baadaye. Tabia ya kuhoji masharti huchukua miaka. Mwalimu wa sekondari aweza kuianzisha mapema: darasa likiisha kutatua milinganyo miwili iliyo hapo juu, na aongeze ule wa tatu, 700x − y = 0, kisha awaache wanafunzi watafute wenyewe kwa nini hapana jibu.