Ujira wa Mpagazi



Ndugu zangu katika imani, na hasa nyinyi akina mama ambao ndio wengi wa wasomaji wa ukurasa huu, juma hili sitaeleza hukumu za twahara wala za mirathi kama ilivyo ada yangu. Nataka kuwasimulia safari niliyoifanya na mama mkwe wangu kutoka Malava hadi Nairobi, na kitu alichokwenda kukitafuta huko.

Malava ni mji mdogo wa Wakabras, kaskazini ya Kakamega, kwenye barabara iendayo Webuye. Pande zote ni miwa, na kando ya mji kimesalia kipande cha msitu wa asili ambamo kima hutoka hadi barabarani kutazama magari. Watu wa pwani wakipata habari za Malava, huzipata kwa njia moja tu, nami nitaifikia njia hiyo baadaye. Mimi niliingia huko kwa kufundisha, kisha nikaoa.

Mama mkwe ana miaka themanini na ushei. Babu yake mzaa baba alichukuliwa mwaka 1917, kijana aliyekuwa na mke mmoja mja mzito. Wakuu wa maeneo walikuwa wametakiwa watoe vijana kwa idadi maalumu, na yeye akawa katika idadi hiyo. Hakupewa bunduki. Alipewa mzigo. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akachunga mbuzi, na baba hakurudi. Mkewe alikwenda kwa miguu mara tatu kuuliza ujira wa mumewe, na mara ya tatu karani akamwambia kwamba jina hilo halimo daftarini. Basi katika nyumba ya mama mkwe, jambo lolote lililodaiwa likakosa kulipwa huitwa "fedha ya babu". Ukimkopesha jirani debe la mahindi asikurudishie, utaambiwa: hiyo sasa ni fedha ya babu, isahau.

Mwaka jana alikuwa na miadi ya macho Nairobi. Nilipomwambia kwamba katika mji ule kuna sanamu ya wapagazi wa vita ile, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, macho yakishatazamwa, nipeleke huko." Kwa desturi ya Waluhya mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawaketi bega kwa bega, kwa hiyo katika basi la usiku mke wangu aliketi katikati yetu, na maneno yote yalipita kwake kama barua.

Najua msomaji mmoja ataniandikia: vipi sheikh anakwenda kutazama sanamu? Sikwenda kuitukuza, wala sikusimama mbele yake kwa heshima. Tumeamrishwa tutembee katika ardhi tutazame ilikuwaje mwisho wa waliotutangulia, nami naihesabu safari ile katika kutazama huko.

Mnara wenyewe uko katikati ya Barabara ya Kenyatta, baina ya njia mbili za magari, na umesimama hapo tangu mwaka 1928. Juu ya jiwe pana pamesimamishwa watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Mwenzake yuko Mombasa, na mwingine Dar es Salaam. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, wengine huegemea jiwe wakizungumza kwa simu, na sidhani kwamba mmoja katika mia amewahi kusoma maandishi yake. Yameandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na ziko pia herufi za Kiarabu, ambazo mimi mtoto wa chuoni nilifurahi kuzikuta mahali pale. Nikamsomea mama mkwe kwa sauti, maana matone ya daktari yalikuwa bado machoni mwake. Maandishi yanasema kwamba wapagazi walikuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Akauliza, "Jina lenyewe liko wapi?"

Nikazunguka jiwe lile pande zote, nikijua kwamba sitalikuta. Hakuna jina hata moja.

Ni vyema tueleze vita hivyo vilikuwaje, maana watoto wetu shuleni husoma habari za majenerali. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hizi tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Huko walikokwenda kupigana, ndani ya Tanganyika na mpaka Msumbiji, reli zilikuwa chache, na ng'ombe, farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o. Kikabaki kichwa cha binadamu. Kila askari alihitaji wapagazi nyuma yake wa kumbebea unga, risasi na dawa, na wapagazi wale nao walihitaji wengine wa kuwabebea chakula chao. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa uliokusanya vijana wilaya hadi wilaya. Kutoka nchi hii ya Kenya peke yake walichukuliwa zaidi ya watu 150,000. Waliokufa katika wapagazi wote wa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaona kwamba idadi ya kweli inakaribia 100,000.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Akina mama mtalielewa jambo hili upesi kuliko majenerali: watu waliozoea ndizi, wimbi na mboga walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na kuni hazikutosha kuuivisha. Wakala ugali mbichi siku baada ya siku huku wamebeba paundi hamsini na zaidi kichwani, mvua inawanyea. Jeshi zima liliangamizwa na sufuria isiyochemka.

Huku pwani nako watu walidaiwa vijana wao. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliposimama mwaka 1913 kuwazuia watu wake wasitoe vijana kwa kazi ya Wazungu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni upande wa magharibi, mamia ya maili kutoka kwao. Mwaka uliofuata, vita vilipokuwa vimeanza, madai ya wapagazi yakawa moja katika mambo yaliyowasha moto baina ya Wagiriama na serikali.

Humo mkumbuke pia wake zao. Katika fiqhi yetu mume asiyejulikana yu hai au amekufa huitwa mafqud, na wanavyuoni wamelizungumza jambo la mkewe kwa kirefu. Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Imamu Shafi, katika kauli yake ya mwisho, aliona kwamba asiolewe mpaka ipatikane yakini ya kifo. Nimeisomesha mas'ala hii miaka mingi kama hesabu ya ubaoni. Pale Nairobi, nikimtazama kikongwe yule ameinua uso, macho yanamtoka maji sijui kwa dawa au kwa jambo jingine, ndipo nilipofahamu kwamba yakini ambayo mafakihi wanaitaka ni karatasi moja tu, nayo haikuletwa kwa wanawake maelfu kwa maelfu. Bibi yake, ambaye hakuwa Mwislamu na hakujua kauli ya imamu yeyote, alingoja mpaka alipokufa.

Tuliswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, mwendo mfupi kutoka hapo, kisha tukapanda matatu kwenda Kariakoo.

Jina hili ni la wapagazi wale wale. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa watu ukalifanya Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Mahali palipokuwa na kambi yao pakawa mtaa, na mtaa ukapata soko. Leo huko kunauzwa vyondo vya mkonge, makubadhi ya ngozi na nyama choma, na moshi wake unakupokea kabla hujashuka garini. Mama mkwe alinunua kyondo, akapatana na muuzaji mpaka nikaona haya. Nilimuuliza kijana mmoja mchoma nyama kama anajua jina la mtaa limetoka wapi, akasema ni la Mhindi aliyekuwa na duka hapo zamani. Allah amsamehe, na atusamehe sisi ambao hatukumfundisha.

Jirani na hapo yako makaburi ya Waislamu ya Kariakoo, ambako wengi wenu mmezika jamaa wa Nairobi. Zaidi ya hapo ni Pumwani na Majengo, mitaa ya Waislamu wa zamani wa mji ule, wengine vizazi vya watu waliofuata misafara kutoka pwani. Kabla yake kilikuwapo kijiji cha Pangani, chenye nyumba za Kiswahili ambazo nyingi zilijengwa na kumilikiwa na wanawake. Serikali ikakibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wakaelekezwa kwenye nyumba mpya za kupanga. Wasimulizi wa mtaa wanasema kwamba watu walipolalamika waliambiwa waende au wasiende, hilo ni shauri la moyo wao, na mtaa mpya ukaitwa hivyo hadi leo: Shauri Moyo. Ningependa kukaa zaidi katika habari za wanawake wale, lakini nafasi hainiruhusu.

Narudi kwenye ujira. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Majina yalikuwa yameandikwa vibaya, au vijiji vimekosewa, na fedha zikabaki mikononi mwa serikali. Kwa miaka mingi barua zilikwenda na kurudi baina ya Nairobi na London juu ya fedha hizo, na hazikuwafikia wenyewe. Mnamo Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, nayo ikaomba radhi. Mama mkwe nilipomweleza, alisema radhi ameisikia.

Mnaijua hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni, wakaomba kila mmoja kwa amali yake njema. Wa tatu wao alikuwa na vibarua, akawalipa wote ila mmoja, aliyeondoka akaacha ujira wake, kipimo cha nafaka. Mwajiri hakuula. Aliupanda, akauzalisha, mpaka ukawa ng'ombe na mchungaji wao. Siku yule kibarua aliporudi kuulizia haki yake, akaonyeshwa kundi zima, na akadhani anafanyiwa mzaha. Akalichukua lote. Ndipo jabali likasogea wakatoka. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Nilisema kwamba watu wa pwani huzipata habari za Malava kwa njia moja. Njia hiyo ni wasichana wa kazi. Katika nyumba zetu za Mombasa, Malindi na Lamu, anayeosha vyombo na kuwabeba watoto wetu mara nyingi ni binti aliyetoka Kakamega au Bungoma. Mimi niliye huku naonana na wazazi wao. Huja baada ya swala ya alasiri, Waislamu na wasio Waislamu, kwa kuwa wamesikia kwamba sheikh ni mtu wa pwani na huenda anamjua tajiri wa mtoto wao. Wanachouliza ni kimoja. Binti ameambiwa kwamba mshahara wake "unawekwa". Au umekatwa kwa sababu ya sahani iliyovunjika, au kwa nauli iliyomleta, na nauli hiyo haishi kulipwa.

Kuhusu sahani, hukumu iko wazi. Mwajiriwa wa nyumbani mkono wake ni mkono wa amana. Hatozwi kilichoharibika ila alipokusudia au alipozembea wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo haiko mbali na hapo, na inampa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kuhusu kuwekewa, kama binti mwenyewe ameomba na hesabu imeandikwa, hiyo ni amana, nawe utailipa siku atakayoitaka, si siku itakayokufaa wewe. Kama hakuomba, sijui katika vitabu vyetu jina jingine la kitendo hicho ila dhulma. Nami sisemi haya nikiwa safi. Tulipokuwa tukiishi Mombasa tulikuwa na binti wa kazi aliyeondoka ghafla kwenda kumuuguza mamake, tukiwa tunamdai siku na yeye anatudai mwezi. Tulisema akirudi tutamlipa. Hakurudi, na sisi hatukumtafuta. Imenichukua miaka kumi na moja na safari ya Kariakoo kumtafuta, na nilimpata kupitia dada yake, mwendo wa nusu saa kutoka ninapolala.

Juma lililopita alikuja mama mmoja na simu yake, akaniomba nimsomee ujumbe ulioingia kutoka Mombasa, akitumai ni wa fedha. Ulikuwa salamu za binti yake, na kwamba ni mzima, na kwamba tajiri amesema mwezi ujao. Mama mkwe alikuwa barazani akichambua kunde, kyondo cha Kariakoo kando yake. Yule mama alipokwisha kwenda, akamuuliza mke wangu, ili mimi nisikie:

"Ni miezi mingapi?"

Nikamjibu mwenyewe kwamba ni mitano.