Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Kila tunaporudi kutoka porini, kazi ya kwanza ya sisi walimu si kufundisha. Ni kufungua rejista na kuita majina. Tunaita, mtoto anajibu: "Niko." Tunaita tena, kimya. Kisha mwenzake anasema: "Mwalimu, wale walikimbilia Kasongo." Au anasema: "Wale hatujui." Hapo tunaweka alama kwa krayo, si kwa wino, maana mtoto anaweza kurudi.

Mara moja tulirudi tukakuta rejista yenyewe haipo. Madawati yaligeuzwa kuni na makaratasi yote yaliwashia moto. Siku ile tulijifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikutufundisha. Watoto waliokuwa mbele yetu tuliwaona, lakini hatukuweza kusema kwa hakika nani anakosa. Tulikaa na wazazi jioni tatu tukikumbuka jina baada ya jina. Wengine mpaka leo hatuna hakika kama tuliwakumbuka wote.

Kwa sababu hiyo, juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya kuandika.

Kile vita vinachovunja

Watu wakihesabu hasara ya vita, wanahesabu nyumba, kwa sababu nyumba inaonekana. Lakini sisi wamama tunajua kwamba nyumba ya udongo inaweza kusimama tena katika kiangazi kimoja, kama miti ipo na mikono ipo. Kuna mengine yasiyosimama upesi hivyo. Kuna mbegu ya mpunga iliyoliwa porini kwa njaa, mwaka uliofuata hakukuwa na cha kupanda. Kuna likelemba iliyovunjika kwa sababu mwenye kutunza kisanduku alikimbilia upande mwingine. Kuna mtoto wa darasa la tano aliyekaa miaka miwili bila masomo. Aliporudi aliona haya kukaa na wadogo, akaenda machimboni. Kuna binti aliyeozwa haraka kwa sababu wazazi waliogopa kumlaza porini bila mume.

Salamabila ilikua kwa ajili ya dhahabu ya Namoya. Mnamo Januari 2016 kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu hapo kwa biashara. Miaka iliyofuata mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika yalirudi mara kwa mara, na mwezi wa Septemba 2019 kampuni ilisimamisha kazi zake. Hayo yameandikwa katika vitabu vya kampuni na katika magazeti. Lakini mama aliyepoteza magunia yake ya mpunga na mtoto wake wa pili katika juma moja, habari yake imeandikwa wapi?

Kisangani: siku 6, miaka 22

Tutazame kwa jirani zetu wa Kisangani, maana kuna somo kubwa kwetu.

Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yote mawili ya kigeni, yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Mabomu yaliangukia mitaa ya raia siku 6. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda kutazama ulikuta kwamba raia zaidi ya 760 walikufa na kama 1,700 waliumia. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika au zilibomoka, na shule 69 zilipigwa. Shule 69, wamama. Jaribuni kuhesabu shule zote mnazozijua katika Kabambare.

Congo ilikuwa imeishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini La Haye, tangu 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilisema kwamba Uganda ina kosa na inapaswa kulipa. Ikabaki swali moja: kulipa kiasi gani? Swali hilo lilichukua miaka mingine 16. Congo iliomba zaidi ya dola miliari 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilikata dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi ulioporwa. Zilipwe kwa miaka 5, milioni 65 kila mwaka.

Kwa nini hesabu ilishuka hivyo? Sababu moja kubwa ni ushahidi. Congo ilisema kwamba watu 180,000 walikufa kwa ajili ya kosa la Uganda. Mahakama ilijibu kwamba ushahidi ulioletwa hauthibitishi hesabu hiyo, ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Majaji wenyewe walikubali kwamba vita hufanya ushahidi kuwa mgumu kupatikana. Lakini jaji hawezi kuhesabu asichoonyeshwa.

Wamama, tufikiri kidogo hapo. Kati ya hesabu ile na hesabu hii, kuna wafu ambao hakuna karatasi iliyowataja: jina, siku, kijiji, shahidi. Walilia waliowalilia, wakazikwa mahali walipoangukia, basi.

Soko la Nyangwe

Wala jambo hili si la jana. Nyangwe, pale kando ya Lualaba, upande wetu huu wa Kasongo, palikuwa na soko kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara ya watumwa walifyatua bunduki katikati ya watu. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Mzungu Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake. Hakuwa na karatasi tena. Aliandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za matunda. Aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Habari ile ilipofika Uingereza iliwakasirisha watu wengi, na ilisaidia kusukuma serikali yao kumbana Sultani wa Zanzibar mpaka akafunga soko la watumwa mwaka 1873.

Gazeti kuukuu na wino wa matunda vilifanya kazi hiyo. Lakini tuone pia kilichokosekana. Mgeni aliandika hesabu. Majina ya wamama wale waliobeba mihogo na samaki asubuhi ile hayakutufikia. Majina yalikuwa kwa watoto wao, na watoto hawakuwa na kalamu. Sisi leo tunayo. Kaye ni ya bei ndogo, na karibu kila nyumba ina mtoto anayejua kuandika.

Tuandike nini, na namna gani

Kila jamaa itafute kaye moja, iwe ya kazi hiyo tu. Tuandike mambo manne.

Kwanza, watu: jina lote la aliyekufa au aliyepotea, mwaka wa kuzaliwa, siku na mahali, na nani aliona. Pili, mali: nyumba, mabati, mifugo, mashamba, magunia, tuandike kama ilivyokuwa, tusiongeze. Mtu akiongeza mbuzi mmoja, hatasadikiwa hata kwa mtoto wake. Tatu, safari: tulikimbia lini, tulipita wapi, tulilala kwa nani, tulirudi lini. Nne, ugonjwa na majeraha. Karatasi za hospitali zikae ndani ya kaye hiyo hiyo.

Kama tarehe imesahauliwa, tusiiache nafasi wazi. Tuseme: "Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga," au "Juma lile watoto wa darasa la sita walifanya mtihani wa taifa." Mwingine ataweza kupata tarehe kutokana na hayo. Na tutenganishe kile tulichoona na kile tulichosikia. Kuona ni kuona, kusikia ni kusikia.

Mama asiyejua kuandika aseme, na mtoto wake au jirani anayemwamini aandike, kisha amsomee. Kaye ifungwe katika mfuko wa plastiki. Ikiwezekana, nakala ikae kwa ndugu aliye mji mwingine, ili moto mmoja usichome zote mbili.

Jambo la kuangalia sana: kaye hii si ya kisasi. Tusiandike kabila la mtu kama kosa lake. Tusiandike majina ya wenye bunduki katika daftari tunalobeba njiani. Hayo tutayasema mbele ya mwenye haki ya kuuliza, siku ikifika. Katika kila kartie kuna aliyelia. Kaye ya kikundi itakayoandika machozi ya upande mmoja tu, hiyo itatuletea vita vingine.

Na mama au binti aliyefanyiwa ubaya wa kubakwa, jina lake lisiingie katika kaye ya kikundi kamwe. Siri ni yake. Kazi yetu sisi ni kumsindikiza hospitalini, na kumsindikiza upesi. Ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, na ndani ya siku 5 dawa ya kuzuia mimba. Hata kama siku hizo zimepita, aende tu, kuna magonjwa mengine ya kutibiwa. Daktari ataandika karatasi, nayo itunzwe. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu kubaka. Haisemi popote kwamba aliyebakwa ana kosa. Mume anayemfukuza mke wake kwa ajili hiyo anamalizia kazi ya mwenye bunduki.

Tuwakumbuke na wanaozaliwa. Mtoto anapaswa kuandikwa katika ofisi ya serikali ndani ya siku 90, bila malipo. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, akipotea katika mbio, tutathibitishaje kwamba alikuwa wetu?

Hatuahidi mtu pesa

Tuseme ukweli. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa taifa wa kuwafidia waliofanyiwa ubaya wa kingono katika vita na makosa makubwa mengine, na sehemu ya fedha zake inatoka katika ushuru wa madini. Ni haki yetu kujua hilo, sisi tunaoishi juu ya dhahabu. Lakini hatusemi kwamba anayeandika leo atalipwa kesho. Watu wa Kisangani walingoja miaka 22. Na mtu akipita kwenu akiomba franka ili aweke jina lako katika "liste ya fidia", mwondoe mlangoni.

Mama mmoja alituuliza waziwazi: "Mwalimu, nikiandika, mtoto wangu atarudi?" Tukamjibu: hapana, mama. Alinyamaza muda. Kisha akasema tuandike hata hivyo. Alisema jina, akasema mwaka, akasema mto walipoachana. Tulipomaliza alituomba tumsomee. Tulimsomea. Akaomba mara ya pili, akaita na watoto waliobaki waje kusikia.

Kwa hiyo, wamama wapenzi, kila kikundi kichague juma hili mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na mdomo mzito. Likelemba ya kesho itoe kwanza bei ya kaye na ya bik kwa wale wasioweza. Sisi walimu tutakuwa tayari baada ya masomo kusaidia yeyote, bila malipo.

Tubaki salama.