Nani Amwandikie Binti Yetu Barua?

Wengi wetu tunaijua furaha ya kumsomesha binti mpaka akavaa joho. Tena tunajua linalofuata: binti anaolewa, mume anapata kazi au masomo Marekani, naye anamfuata. Ikiwa binti huyo ni daktari wa meno, akifika huko atakuta jambo ambalo hakuna aliyelitaja siku ya kumuaga. Cheti alichokihangaikia miaka mitano hakimruhusu kutibu hata jino moja.

Tuchukue mfano wa binti wa Mkwaja, kijiji chetu cha pwani kusini mwa mji wa Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Amesoma Muhimbili, ameandikishwa na Baraza la Madaktari la Tanganyika, na amefanya kazi miaka miwili katika Hospitali ya Bombo, Tanga. Majimbo mengi ya Marekani yatamtaka arudi darasani kwa miaka miwili hadi mitatu, katika programu ya madaktari wa meno waliosomea nchi za nje, ndipo aweze kuomba leseni. Nafasi ni chache, waombaji wanatoka pembe zote za dunia, na ada huweza kupita dola 100,000 kwa programu nzima.

Katika maombi hayo kuna mtihani wa taifa uitwao INBDE, ulioanza mwaka 2020. Mtihani huu humwambia aliyefaulu kwamba amefaulu, basi. Haumpi alama za kumtofautisha na mwenzake. Kwa hiyo vyuo hutafuta tofauti mahali pengine, na mahali pamoja ni barua za mapendekezo. Hapo ndipo mabinti wengi hujikwaa.

Cheo au ushuhuda?

Desturi yetu ni kumtafuta mkubwa. Tukisikia neno barua, tunafikiria mbunge, mkuu wa wilaya, askofu, au profesa mwenye jina. Tunaamini kwamba muhuri mkubwa hufungua mlango mkubwa.

Lakini hebu tujiulize: posa ikiletwa nyumbani, tunamchunguza vipi kijana? Hatuendi kwa diwani. Tunakwenda kwa jirani yake, kwa mwenye chombo aliyevua naye, kwa mama aliyempangisha chumba. Hao ndio waliomwona akiwa amechoka, akiwa na fedha na akiwa hana. Vyuo vya Marekani hufanya vivyo hivyo. Havihitaji kuambiwa kwamba binti ni hodari na mwenye adabu, maana kila barua inasema hivyo. Vinataka mtu aliyesimama karibu naye kwenye kiti cha mgonjwa, aseme aliona nini.

Hata katika Biblia tunayo barua ya namna hii. Mtume Paulo anapomkabidhi Fibi kwa Wakristo wa Rumi, katika sura ya 16 ya waraka wake, hamsifu kwa maneno matupu. Anataja kanisa analolitumikia, Kenkrea, na kueleza kwamba amewasaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe akiwamo. Huyo ni shahidi anayesema alilolijua.

Wanaofaa kuandika

Idadi ya barua hutofautiana. Vyuo vingi hutaka mbili au tatu. Binti asome kwanza masharti ya kila chuo, ndipo achague.

Wa kwanza ni mkuu wa shule ya meno alikohitimu, kwa kuwa vyuo kadhaa humtaka yeye hasa. Huenda mkuu huyo hamkumbuki binti kati ya wanafunzi wengi. Basi binti ampelekee matokeo yake na maelezo ya kazi aliyofanya, tena amwombe mwalimu anayemfahamu azungumze naye. Kama binti alihitimu zamani, barua ieleze pia majina ya chuo: Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1991, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Msomaji wa Marekani asidhani ni vyuo viwili.

Wa pili ni mwalimu wa kliniki. Huyu ndiye aliyemwona akichoma sindano ya ganzi kwa mara ya kwanza, akiziba jino, akisafisha mzizi, akimtuliza mtoto anayelia. Mhadhiri wa kawaida aliyekumbuka mambo hayo ni bora kuliko profesa mashuhuri aliyemwona kwenye orodha ya majina tu.

Wa tatu ni daktari aliyemsimamia kazini. Katika mfano wetu, ni msimamizi wake pale Bombo. Aandike juu ya wagonjwa aliowahudumia, maamuzi aliyoyafanya, na jinsi alivyoshirikiana na wauguzi.

Wa nne, ikiwezekana, ni daktari wa meno wa huko huko Marekani. Binti anaweza kuomba kumfuata kazini na kutazama, au kufanya kazi ya msaidizi pale sheria za jimbo na kibali chake cha kuishi vinaporuhusu. Daktari huyo anazijua taratibu za huko, naye anaweza kulinganisha.

Wasiofaa ni ndugu, bosi wa mume, rafiki wa familia, na kiongozi asiyewahi kumwona akifanya kazi. Mchungaji wetu tunampenda, lakini barua yake inahusu tabia. Itumike pale chuo kinapoiruhusu, wala isichukue nafasi ya mwalimu.

Jina la ndoa na miaka ya malezi

Mambo mawili huwasumbua wanawake kuliko wanaume. La kwanza ni jina. Cheti kina jina la baba, pasipoti ina jina la mume, na mwalimu anamkumbuka kwa jina la shuleni. Binti amwombe kila mwandishi ataje majina yote mawili, ili barua isipotee kwenye faili la mtu asiyejulikana. Cheti cha ndoa nacho kiwe karibu.

La pili ni miaka ya kulea. Binti amezaa watoto wawili, amekaa nyumbani miaka minne. Hilo si aibu, wala asilifiche. Lakini barua zote zikiwa za zamani, chuo kitauliza kama mikono bado inakumbuka kazi. Ndiyo maana shahidi wa karibuni ni wa thamani, hata kama amemwona kwa miezi michache. Na hapa mume ana sehemu yake. Akikaa na watoto siku mbili kwa juma, mkewe anaweza kumpata shahidi huyo.

Namna ya kuomba

Maombi mengi hupitia mfumo mmoja wa intaneti uitwao ADEA CAAPID. Binti huandika jina na baruapepe ya mwandishi, kisha mwandishi hupokea ujumbe na kutuma barua yake moja kwa moja. Haipiti mikononi mwa binti. Mfumo pia humuuliza binti kama anaacha haki yake ya kuisoma barua hiyo. Yafaa aiache, maana barua ya siri huaminika zaidi.

Basi aombe mapema, angalau miezi miwili kabla. Aulize kwa heshima na uwazi: “Mwalimu, je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri yenye mifano?” Mwalimu akisita, amshukuru na kutafuta mwingine. Kusita huko kumemwokoa na barua baridi. Akikubali, ampelekee wasifu wake, orodha ya vyuo, tarehe za mwisho, na ukumbusho wa kazi walizofanya pamoja, bila majina ya wagonjwa. Ahakikishe baruapepe hiyo inasomwa, na ikiwezekana iwe ya kazini. Baada ya majuma matatu akumbushe kwa upole. Barua moja ikichelewa, maombi yote huweza kuonekana pungufu, na mwaka mzima ukapotea.

Sisi tuliobaki nyumbani

Mama aliye Mkwaja anaweza kusaidia, na anaweza kuharibu bila kujua. Asaidie kwa kumtuma kijana wa nyumbani Muhimbili kuulizia nakala rasmi za matokeo, au kupeleka salamu kwa msimamizi wa Bombo. Asipeleke bahasha ya “chai”. Asikubali binti aandike barua yake mwenyewe na mkubwa atie saini tu, hata kama mkubwa huyo ndiye aliyependekeza kwa kuwa hana nafasi. Ushuhuda wa kubuni ni uongo, na ukigundulika hauharibu ombi moja tu. Hulifuata jina la binti katika kazi ambayo watu wanamfungulia kinywa kwa imani.

Kisha, jibu likitoka, liwe la kukubaliwa au la kukataliwa, binti awaandikie mashahidi wake wote kuwashukuru. Waliokataliwa huomba tena mwaka unaofuata, na mwandishi aliyeshukuriwa huandika tena kwa moyo.

Na sisi wenye mabinti ambao bado wako shuleni tuna la kuwafundisha leo. Wafanye kazi vizuri mbele ya mwalimu mdogo na muuguzi wa zamu, si mbele ya mkubwa tu anapopita. Shahidi hapatikani siku ya kuomba barua. Hupatikana miaka mingi kabla, siku ambayo binti hakujua kwamba kuna anayemtazama.