Kwa Nini Umeme Hukwama Mpakani

Kila waya upitishao umeme hupata joto, na joto hilo ni hasara, maana ni nguvu iliyopotea njiani. Lakini katika mwaka 1911 Mholanzi mmoja, Heike Kamerlingh Onnes, aliipoza zebaki huko Leiden mpaka karibu digrii 269 chini ya sifuri, akaona ya kuwa umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote. Vitu vya namna hiyo huitwa supakondakta. Ubaya wake ni kwamba kuipata baridi kali hivyo ni kazi ya gharama kubwa.

Hata mwaka 1986 wataalamu wawili, Bednorz na Müller, waliokuwa katika maabara ya IBM karibu na Zurich, waligundua supakondakta ya aina nyingine, ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, ambayo ndani yake mna shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata ikapatikana Marekani aina yenye madini ya yitriamu na bariamu, ifanyayo kazi katika digrii 180 chini ya sifuri. Kuipoza hiyo yatosha naitrojeni ya majimaji, yenye digrii 196 chini ya sifuri, nayo ni rahisi kupatikana.

Watu wengi walidhani waya mpya zitauzwa upesi. Haikuwa hivyo. Punje moja ya kitu hicho ilipitisha umeme mwingi mno, lakini kipande kilichofanywa kwa kuchoma unga wake kilipitisha kidogo sana. Sababu ni nini?

Kipande hicho ni punje nyingi zilizoshikana, kama bonge la chumvi. Kila punje ni fuwele, na chembe zake zimejipanga kwa mistari na matabaka, mfano wa maandishi katika kurasa za kitabu. Weka vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Vikielekea upande mmoja, mistari ya hiki yaendelea katika kile. Kimoja kikigeuzwa, mistari haikutani tena. Mahali zikutanapo punje mbili ndipo paitwapo mpaka wa punje.

Mpakani chembe zimevurugika, na mara nyingi oksijeni imepungua. Tena, katika supakondakta elektroni husafiri mbili mbili. Katika vitu hivi vipya upana wa jozi moja ni kama sehemu moja au mbili za milioni za milimeta. Kwa hiyo uvurugu mdogo tu watosha kuidhoofisha safari yao.

Mwaka 1988 wataalamu wa IBM huko New York walilijaribu jambo hili kwa fuwele mbili zilizounganishwa kwa pembe waliyoichagua wenyewe. Waliona kwamba pembe ya digrii chache haidhuru sana. Ikizidi hapo, umeme hupungua upesi, karibu mara kumi kwa kila nyongeza ya digrii kumi hivi.

Basi kazi ikawa kuzipanga punje zote zielekee upande mmoja. Mwaka 1991 Wajapani wa kampuni ya Fujikura walionyesha njia: utepe wa chuma hupakwa tabaka jembamba, huku mwali wa ioni ukilipiga kwa mshazari, na fuwele zake hujipanga. Supakondakta ikiwekwa juu yake hufuata mpango uleule. Siku hizi utepe wenye upana wa milimeta 4 hupitisha zaidi ya ampea 100 ukiwa ndani ya naitrojeni, ingawa supakondakta yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Kwa tepe za namna hii, mwezi wa Septemba 2021 huko Massachusetts ilijaribiwa sumaku kubwa iliyofika tesla 20.

Hata hivyo mpaka si adui siku zote. Mpaka mmoja uliofanywa kwa makusudi hutumika katika vyombo vya kupimia usumaku hafifu mno. Ubaya ni ile mipaka mingi isiyo na mpango, kwa kuwa umeme wa waya mzima hauwezi kuzidi ule upitao mahali palipo dhaifu.