Joto la dunia latikisa bei ya kahawa

Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili katika soko la New York, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Sababu kubwa ilikuwa ukame na joto kali nchini Brazili, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Chanzo cha joto kinafahamika. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa, na misitu inapofyekwa, hewa ya ukaa huongezeka angani na kuzuia joto lisitoke. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa.

Arabika hustawi zaidi katika nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Joto likizidi, matunda huiva upesi, punje huwa hafifu na wadudu huongezeka. Mkulima wa Kilimanjaro hawezi kuhamia juu zaidi, kwani huko ni hifadhi.

Mfanyabiashara asidhani bei kubwa ni faida ya hakika. Aliyeuza kwa mkataba kabla ya mavuno aweza kukosa mzigo, akalazimika kununua kwa bei ya soko. Naye aliyejaza ghala akumbuke kuwa mvua nzuri Brazili huishusha bei upesi. Habari za mvua zifuatwe sawa na za mnada.