Kabla ya Kusaini Kazi, Uliza Utalala Saa Ngapi

Leo tuongee kuhusu swali ambalo wengi wetu tunaotafuta kazi hapa Durban tunaogopa kuliuliza kwenye usaili: nitafanya kazi saa ngapi kwa wiki, na nitapumzika lini?

Uoga huo naujua. Kodi ya chumba inadaiwa, nyumbani wanasubiri pesa, basi ukiulizwa unajibu "niko tayari kwa lolote." Mimi ni nesi, na hao wa "lolote" nakutana nao baadaye wakiwa na presha ya juu na miguu imevimba.

Si maneno ya kutishana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Piga hesabu: saa kumi kwa siku, siku sita, tayari ni 60. Na hapo hujahesabu foleni ya teksi pale Warwick.

Afrika Kusini ina sheria ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997. Kwa wafanyakazi wengi wa kawaida inasema saa zisizidi 45 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 10 kwa wiki, na hulipwa mara moja na nusu. Kila siku upate saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki saa 36. Kazi ya usiku iwe na posho au saa pungufu, na usafiri uwepo. (Walinzi wa makampuni wana utaratibu wao, ulizia.)

Hapa ndipo wengi wananaswa: zamu ya saa 12, ile ya saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, inaruhusiwa bila ovataimu kama umekubali kwa maandishi. Hata hivyo zile 45 za wiki hazibadiliki. Kwa hiyo usiulize tu zamu ni ya saa ngapi. Uliza ni zamu ngapi kwa wiki.

Uulizeje bila kuonekana mvivu? Subiri waonyeshe kukutaka, lakini kabla hujasaini. Usianze na "mapumziko." Sema: "Ningependa kuona ratiba ya zamu ya mwezi uliopita, nipange usafiri na watoto." Ratiba iliyokwisha kutumika haidanganyi kama mdomo. Wakisema "tutaona mbele ya safari," omba waandike, maana unapoanza kazi mwajiri anatakiwa kukupa saa na siku zako kwa maandishi.

Je, makaratasi yako hayajakaa sawa? Mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua, katika kesi ya mgeni aliyeishiwa kibali, kwamba bado ni mfanyakazi anayelindwa, na anaweza kupeleka lalamiko CCMA. Haikupi kibali, lakini inakupa mdomo wa kuuliza.

Wenzetu wanaolinda magari kule ufukweni mara nyingi hawana bosi wa kumwuliza, na wengine hulipia hata hiyo sehemu ya kusimama. Kwenu nyinyi ratiba ni ya kujipangia: siku moja nzima ya kulala kwa wiki, na presha ipimwe kliniki.

Na wewe mwenye sukari, uliza pia saa ya chakula. Baada ya saa tano mfululizo za kazi, sheria inakupa mapumziko ya saa moja, yanayoweza kupunguzwa hadi nusu saa mkikubaliana. Huna haja ya kueleza ugonjwa wako kwenye usaili. Uliza tu mnakula saa ngapi, kisha muulize daktari wako dawa zako uzipangeje kwa zamu hiyo, hasa ikiwa ni ya usiku.