MAREHEMU AMEMZIDI ALIYE HAI

Kwa miaka mingi nimesikia watu wakiisifu sinema ya Kifaransa iitwayo Un homme et une femme, yaani Mwanamume na Mwanamke. Ni kazi ya Claude Lelouch. Mwaka 1966 ilitunukiwa tuzo kuu ya Cannes, kisha ikapata Oscar mbili. Juzi nikaitazama nyumbani pamoja na dada yangu, ambaye ni mjane. Niliketi na hamu, nikainuka na njaa yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Anne, anayechezwa na Anouk Aimée, amefiwa na mumewe, aliyekuwa akifanya vitendo vya hatari katika sinema. Jean-Louis, yaani Trintignant, ni dereva wa mashindano ya magari. Mkewe alijiua baada ya yeye kupata ajali huko Le Mans. Kila mmoja ana mtoto katika shule ya bweni mjini Deauville. Jumapili moja Anne aachwa na gari moshi, naye Jean-Louis ampakia garini kumrudisha Paris.

Misiba miwili namna hii ni mzigo mzito, lakini ule wa mke wapitishwa upesi, wala kwa mumewe hatuoni kovu. Akitoka hapo, huyoo, garini! Wallahi, gari lake twalijua kuliko moyo wake. Twaliona penye mvua, twaliona penye theluji, na muziki wa Francis Lai ukilifuata nyuma. Muziki ni mtamu, sikatai, ila wafanya kazi iliyowapasa wachezaji.

Aliye hai katika picha hii ni yule marehemu. Anne akimkumbuka, twamwona akicheka, akiimba, yuko juu ya farasi. Aliyemwigiza, Pierre Barouh, alikuja kumwoa Anouk Aimée kweli mwaka huo huo wa 1966. Labda ndiyo sababu.

Basi Jean-Louis amaliza mashindano ya Monte Carlo, Anne ampelekea simu ya maandishi kwamba ampenda. Kwa lipi? Wameonana mara chache tu. Bwana aendesha usiku kucha kumfuata, na njiani ajisemesha, apanga atakavyosema.

Dada akaniuliza, "Kaka, mbona akiwa peke yake ana maneno, na mbele ya mwanamke hana?"

Sikuwa na jibu, nami ni mtu wa kutunga mashairi.

Wakutanapo faraghani, Anne hawezi. Kwake mumewe hajafa. Arudi Paris peke yake kwa gari moshi. Hapo nikasema, sasa tumefika penye ukweli. Kumbe bwana amemtangulia kwa gari, amngoja stesheni. Wakumbatiana, picha yaganda, kwisha! Moyo wa Anne uligeuzwa na nini njiani? Hatukuambiwa.

Dada yangu alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na miaka ikapita. Alipoletewa posa akaikataa. Nilimlaumu sana wakati ule, kwani mposaji alikuwa mtu mwema, mwenye kazi yake. Usiku huo ndipo aliponieleza.

"Alikuja kwetu mara tatu, kaka. Hata siku moja hakumtaja baba watoto."

Nikanyamaza. Kisha akaniomba nirudishe nyuma, pale marehemu anapoimba. Tukakitazama kipande kile tena, tukazima.